Kibati cha Usalama

Katika nchi moja ambayo majirani zake wote huisifu kwa kuwa mbali, mji mkuu una lango moja tu. Si kwamba mafundi wa kuweka la pili walikosekana. Lango moja lilimtosha Mtukufu Mlezi kutoka na kuingia, na jambo likishamtosha Mtukufu Mlezi huwa limelitosha taifa zima.

Kwenye lango hilo hukaa wakaguzi kumi na wawili, na kazi yao ni kukagua maziwa. Mkaguzi wa kwanza hufungua dumu. Wa pili hutazama ndani. Wa tatu huandika kwamba wa pili ametazama. Wa nne huthibitisha mwandiko wa wa tatu, na hivyo hivyo mpaka wa kumi na mbili, ambaye hufunga dumu na kuomba radhi kwa usumbufu. Maziwa yaliyofika asubuhi yakiwa bado na povu, zamu yake ikifika mchana, yamekwisha kuwa mtindi. Na mtindi haupiti, kwa sababu kibali kilisema maziwa. Basi humwagwa. Mtaro wa pale langoni ni mweupe mwaka mzima, na paka wake wamenenepa mpaka wamesahau kukimbia.

Ndiyo maana madereva wa milima ya Lugome walijifunza kukimbiza magari. Hawakuwa watu wa mashindano. Walikuwa watu wenye ng'ombe wachache, pikapu kuukuu na hofu ya foleni. Anayefika wa kwanza anakaguliwa jua halijapanda. Anayefika wa kumi anamwaga. Kila kulipokucha barabara ya kushuka Lugome ilikuwa vumbi, honi na matusi ya kistaarabu, na watu wa mabondeni wakazoea kutoka na vigoda vyao kukaa kando na kushangilia.

Serikali ya nchi ile ina tabia moja: ikiona watu wamekusanyika wanafurahi, huenda kuuliza nani amewaruhusu. Ilipouliza na kukuta hakuna, ikafanya jambo la busara, ikayachukua mashindano yakawa yake. Yakaitwa Mbio za Taifa za Maziwa. Yakapewa mahali pa kufanyika, yaani uwanja wa ndege uliofunguliwa kwa ngoma na vigelegele na ambao mpaka leo unasubiri ndege. Yakapewa na masharti, ambayo mwanzoni hayakuwa mabaya. Gari liwe la kazi, lililobeba maziwa wiki ile ile. Libebe dumu la maziwa ya asubuhi hiyo. Mshindi amimine glasi ya kwanza, Mtukufu Mlezi ainywe mbele ya umma, na mtu yeyote, hata Mtukufu mwenyewe, asiondoke uwanjani kabla glasi haijanywewa. Lakini lililowafanya watu wauze mbuzi wakanunue matairi ni hili la mwisho: kijiji cha mshindi kitapita langoni mwaka mzima bila foleni.

*

Huko Lugome alikuwapo fundi wa magari aitwaye Sikitu Mbaruku, mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mikono ambayo sabuni ilikwisha kutia saini ya kushindwa. Mumewe alimwachia karakana ya mabati, spana ambazo nusu yake zilikuwa za kuazima na wenyewe wamekufa, na pikapu iliyoitwa Ndama, kwa sababu ikiwashwa huruka mara mbili kabla ya kutulia.

Sikitu alisikiliza injini kwa mwiko wa ugali. Ncha moja aliiweka kwenye chuma, ya pili sikioni, akafumba macho. Watu walimcheka mpaka walipoona magari yao yanapona. Kwake injini ilikuwa pua tu, na mengine yote mapambo: inayovuta hewa vizuri inakimbia, isiyovuta inalalamika. Na Lugome ni juu sana, hewa yake ni nyepesi. Magari yanayopanda kutoka bondeni hufika yanahema kama wazee. Sikitu alizaliwa huko. Alikuwa amezifundisha injini kuishi na pumzi kidogo, kama watu wa kwao wanavyoishi na vitu vingine vingi kidogo.

Dereva wake alikuwa Ngwali, mdogo wa marehemu mumewe, shemeji mwenye mdomo usiojua likizo. Sikitu anatengeneza, Ngwali anaendesha, na kati yao utani haukukoma. Ngwali alizoea kumwambia kwamba angemwoa kama si kuogopa kuwekewa mwiko kifuani usiku na mchana asikilizwe. Sikitu alizoea kumjibu kwamba hakuna haja ya mwiko, kwa kuwa hitilafu yake inasikika mpaka mto wa pili.

Walishinda mara tatu mfululizo. Kwa miaka mitatu, katika nyumba arobaini za Lugome, hakuna mwanamke aliyesimama langoni akitazama kazi ya asubuhi yake inatiririka mtaroni kwenda kwa paka.

*

Mwaka wa nne akajitokeza Mpwa wa Taifa.

Cheo hicho kipo katika katiba ya nchi ile, kati ya Jaji Mkuu na Bendi ya Shaba. Mwenye cheo alikuwa kijana wa miaka thelathini na minane aitwaye Fahamu, mtoto wa dada yake Mtukufu, mtu mwema ambaye hajawahi kumkosea mtu kwa sababu hajawahi kumwona. Aliagiza gari kutoka ng'ambo, jeusi, la silinda nane, lenye viti vya ngozi laini. Masharti yalitaka gari la maziwa. Wakaguzi wakaja wakalinusa. Walinusa kwa muda mrefu na kwa heshima, wakaandika kwamba linanukia maziwa, ila ya kigeni.

Siku ya mbio gari lile lilitoka kama jambo lililofichwa siku nyingi. Likafika kwenye kona ya kwanza kabla Mpwa hajafika huko kwa akili. Lenyewe halikukunja kona. Lilikwenda moja kwa moja, likavuka kamba, likaingia kwenye hema la chakula cha wageni waalikwa, likatokea upande wa pili likiwa na pilau kwenye kioo. Mpwa akashuka bila jeraha. Ngwali akazunguka mizunguko arobaini, akashinda, akamimina glasi.

Tume ya uchunguzi iliundwa jioni hiyo hiyo. Ilizuru nchi tatu za nje ili kujionea kasi ilivyo kwa wenzetu, ikarudi na masanduku ishirini na moja na ripoti yenye kurasa mbili. Ripoti ilisema kwamba chanzo cha ajali ni pikapu iitwayo Ndama, ambayo kwa tabia yake ya kushinda kila mwaka ilimfanya Mpwa wa Taifa awe na haraka.

Hapo ndipo kilipozaliwa Kibati cha Usalama.

*

Kibati chenyewe ni kitu kidogo, bati nene la ukubwa wa kiganja, lenye tundu katikati. Hufungwa chini ya kabureta, pale hewa inapoingilia kwenda kwenye injini, na hewa yote hulazimika kupita katika tundu hilo. Tundu likiwa dogo, injini inavuta kidogo, na gari linakuwa na adabu. Aliyekitangaza ni Waziri wa Mwendo, Dokta Mzimbiri, bwana mrefu mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kusomewa. Alikuwa daktari wa nini, hakuna aliyeuliza.

Ukazuka ubishi bungeni kuhusu upana wa tundu. Wahandisi wawili waliopo nchini walileta vipimo, wakashukuriwa na kutolewa nje. Hatimaye ikaamuliwa kwamba tundu liwe sawa na kidole gumba cha Mtukufu Mlezi. Kidole kilipimwa kwa hafla. Bendi ya Shaba ilipiga, kidole kikaingizwa kwenye bati la mfano, kikakwama kidogo, wabunge wakasimama wote kwa wasiwasi, kikatoka, wakakaa.

Sikitu alipoletewa kibati alikigeuza geuza, akauliza kama na gari la Mpwa litawekewa. Mjumbe hakujua. Basi akafunga safari hadi wizarani, akaketi kwenye benchi siku mbili, na siku ya tatu akaingizwa.

Waziri alimpokea vizuri. Alimweleza kwamba gari la Mpwa ni la kisasa, halina kabureta, petroli huingizwa na kompyuta. Na kanuni imesema wazi, kibati kitafungwa chini ya kabureta.

"Kwa hiyo yeye hafungi," alisema Sikitu.

"Mama, sheria ni sawa kwa wote," akasema Waziri. "Kila mwenye kabureta atafunga. Wewe unayo, yeye hana. Serikali itamlazimishaje mtu kuziba kitu asichokuwa nacho?"

"Na mimi nikiwa sina?"

"Ukiwa huna, utakuwa huna. Sheria haiwezi kumshika mtu kwa asichonacho. Huo ndio uzuri wake."

Maneno haya yalimpendeza Waziri mwenyewe. Akamwita karani ayaandike kama mwongozo rasmi: asiyekuwa na kitu kinachofungwa kibati, hafungwi kibati. Akatia saini, akagonga muhuri, akapuliza wino. Sikitu akaomba nakala. Waziri akampa kwa mikono miwili, akifurahi kwamba raia wa kawaida anathamini fikra. Sikitu akaikunja, akaiweka kwenye kopo la misumari.

*

Mwaka wa tano magari yote ya maziwa yalikuja na vibati. Madereva wa mabondeni walilia, magari yao hayatambui tena mlima wala tambarare. Ndama yeye hakuona tofauti kubwa. Kwa injini ile iliyozoea hewa ya Lugome, kibati kilikuwa kama kurudi nyumbani. Sikitu alikuwa amesugua njia za hewa kwa pumba na majivu mpaka zikang'aa kama sufuria ya bibi harusi, na hewa kidogo iliyopita, ilipita bila kugusa ukuta.

Hata hivyo Mpwa angeshinda, maana silinda nane bila kibati si mchezo. Lakini kulikuwa na askari sita waliopewa kazi ya kulilinda gari lake wiki nzima, na kwa uzalendo walilinda hata petroli yake, wakaihifadhi majumbani mwao. Kwenye mzunguko wa kumi na moja gari jeusi likanyamaza. Ngwali alipolipita alipunga mkono, akauliza kwa sauti kama mheshimiwa angependa kuvutwa. Kwa swali hilo alilala rumande siku nne.

Tume iliyofuata haikusafiri mbali, ilikwenda nchi mbili tu. Tundu likapunguzwa kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho.

*

Mwaka wa sita ndio ambao watu wa Lugome hawapendi kuusimulia.

Kwa tundu la kidole cha mwisho, magari yote yalikuwa na mwendo mmoja. Hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake, hakuna aliyeweza kubaki nyuma. Magari kumi na tisa yalikwenda yamebanana kama meno, bampa kwenye bampa, mlango kwenye mlango, mzunguko baada ya mzunguko, na Mpwa akiwa mbele yao peke yake, silinda nane zikipumua zitakavyo. Waziri wa Mwendo aliinuka jukwaani, akasema kwenye kipaza sauti kwamba huu ndio umoja wa kitaifa tuliokuwa tukiuota.

Kwenye mzunguko wa ishirini na sita gari moja la katikati lilipasuka tairi. Katika miaka ya zamani lingeyumba peke yake likaishia majanini. Safari hii halikuwa na mahali pa kuyumbia. Lilimgusa jirani, jirani akamgusa jirani, na magari kumi na tano yakapandana. Ngwali alitolewa akiwa amevunjika mguu sehemu mbili. Mzee Chambo wa Nyaluke, gari namba tisa, aliyekuwa akishusha maziwa kwa barabara ile tangu Ngwali ananyonya, alitolewa hana uhai.

Mpwa wa Taifa alishinda. Kwa kuwa hana ng'ombe, alimimina maziwa ya kopo yaliyokorogwa asubuhi hiyo, na Mtukufu akanywa. Kwa kuwa hana kijiji, nyumba yake ilitangazwa kuwa kijiji, wakazi wake wakiwa mke, mpishi na mbwa watatu, wakapewa haki ya kupita langoni bila foleni.

Ripoti ilitoka baada ya wiki. Ilisema kwamba marehemu alifariki akiwa katika mwendo uliomo ndani ya kanuni, na kwa hiyo Kibati cha Usalama kimefaulu.

Mtu mmoja alimsomea Sikitu ripoti hiyo pale karakanani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba asomewe tena sentensi ile moja. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akachukua rangi nyeupe, na kwenye mlango wa Ndama, chini ya namba yake, akaandika tisa.

*

Mwaka ule maziwa ya Lugome yalirudi mtaroni. Kila asubuhi Sikitu aliteremka nayo yeye mwenyewe, akasimama foleni nyuma ya kina mama wenzake, akamtazama mkaguzi wa kwanza akifungua na wa kumi na mbili akifunga na kuomba radhi. Nyumba sita ziliuza ng'ombe. Wengine walianza kusema kwamba bora kutowashindania wakubwa, kwani enzi za foleni angalau hakuna aliyekufa. Hilo lilimuuma Sikitu kuliko mtaro. Nafasi moja tu ilibaki, mbio za mwaka wa saba. Wakishindwa tena, Lugome wangeacha ufugaji, na karakana isingekuwa na gari la kutengeneza.

Huko juu nako mambo hayakuwa shwari. Tangu ashinde, Mpwa wa Taifa alikuwa akishangiliwa. Watoto wa shule walitunga wimbo. Gazeti la serikali, kwa bahati mbaya, likaweka picha yake ukurasa wa kwanza na ya mjomba wake ukurasa wa tatu, jirani na tangazo la dawa ya minyoo. Mtukufu Mlezi aliitazama picha hiyo kwa muda. Akauliza kwa upole ni nani huyu anayekwenda kasi kiasi hiki katika nchi yake.

Siku iliyofuata kanuni ikarekebishwa. Kibati kitafungwa katika kila injini iliyomo ndani ya jamhuri, iwe ina kabureta au haina, iwe ya nani. Na tundu, ili kumaliza ubishi wa vidole, liwe sawa na tundu la kifungo cha shati.

Waziri aliandika kwa bidii na kwa kuogopa, na mtu anayeandika kwa kuogopa hukumbuka yote isipokuwa matokeo. Kila injini ni kila injini. Vikafungwa kwenye gari la zimamoto, kwenye mashine za kusaga, kwenye jenereta ya Ikulu. Vikafungwa kwenye msafara wa Mtukufu Mlezi.

Ngwali, mguu ukiwa juu ya kigoda na magongo ukutani, alikipokea kibati kipya kutoka kwa mjumbe, akakiweka jichoni akamchungulia shemeji yake.

"Nakuona nusu," alisema. "Shemeji, hapa hata mbu hapiti bila kuvua koti."

Sikitu alikuwa ameelekeza mwiko kwenye injini ya Ndama, akiisikiliza ikijaribu kupumua. Iliwaka, ikakohoa, ikazima. Akaiwasha tena, ikazima. Akautoa mwiko sikioni. Halafu akaenda kwenye kopo la misumari, akaikunjua ile karatasi yenye muhuri, akampa Ngwali aisome kwa sauti.

Ngwali akasoma. Alipofika mwisho akaanza kucheka polepole, mpaka mguu ukamuuma.

"Na ataivuta nani?" akauliza.

Sikitu alionyesha kwa kidevu. Nje ya karakana, punda wake wawili wa kubebea maji, Ridhiki na Shida, walikuwa wanakula sanduku la kadibodi.

*

Siku ya mbio za mwaka wa saba jua lilitoka likiwa na hasira. Mtukufu Mlezi alichelewa kwa saa mbili, kwa kuwa gari lake lilikuja likisukumwa na mawaziri tisa. Tangazo likasema kwamba hii ni aina mpya ya heshima, na mawaziri waliomba kwa hiari yao wapewe nafasi ya kusukuma. Mizunguko ilipunguzwa kutoka arobaini hadi mitano.

Wakaguzi kumi na wawili walipita kukagua magari. Walipofika kwa Ndama walikuta punda wawili wamefungwa mbele, na mkaguzi wa kwanza, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akafungua boneti. Mle ambamo huwa mna injini, mlikuwa na dumu la maziwa limeviringishwa magunia mabichi yaliyolowa maji.

"Injini iko wapi?" akauliza.

"Nimeiacha nyumbani ipumzike, baba," akasema Sikitu. "Imekuwa ikikosa pumzi."

Mkaguzi wa pili akatazama ndani. Wa tatu akaandika kwamba wa pili ametazama. Wa nne akathibitisha mwandiko. Kati ya wale kumi na wawili hakuwepo ambaye kazi yake ni kusema hapana, maana nafasi hiyo haikuwahi kuombewa. Gari lilikuwa na magurudumu manne, namba zote mbili mlangoni, harufu ya maziwa ya wiki nzima. Wa kumi na mbili akafunga boneti na kuomba radhi kwa usumbufu.

Bunduki ikapigwa. Magari saba hayakuwaka kabisa. Matano yalisogea urefu wa kitanda yakazima. Yaliyobaki yalitambaa, madereva wameinamia usukani kana kwamba wanaweza kusaidia. Gari la Mpwa liliwaka, taa zote nyekundu za dashibodi zikaangaza kama nyumba ya harusi, likasema kwa lugha ya kigeni jambo ambalo hakuna aliyelielewa, likazima. Mpwa alikaa ndani madirisha yamefungwa, kwa sababu madirisha yalifunguliwa kwa umeme.

Ridhiki na Shida hawakuwa na haraka. Walikwenda mchakamchaka wa kila siku wa kwenda kisimani, Sikitu amekaa kwenye usukani na fimbo ambayo hakuitumia. Mzunguko wa kwanza umati ulinyamaza, ukitafuta mtu mkubwa wa kumtazama ili ujue kama inafaa kucheka. Mzunguko wa pili alicheka mtu mmoja upande wa nyuma, na wa tatu walicheka wote. Kwenye mzunguko wa nne, pale magari yalipopandana mwaka uliopita, Shida alisimama akanya. Sikitu alimsubiri. Alimtazama Ngwali aliyeegemea kamba kwa magongo yake, na Ngwali naye akainua gongo moja, akalielekeza kwenye ile tisa ya mlangoni. Kisha wakaendelea, wakamaliza.

Dokta Mzimbiri alishuka jukwaani mbio, miwani yote miwili imepanda kichwani. Alisema kwamba huu ni uasi, kwamba karakana ya mwanamke huyu itafungwa leo, kwamba gari bila kibati ni gari haramu. Sikitu alitoa karatasi kwenye upindo wa kanga, akampa kwa mikono miwili.

"Hii ni kauli yako, mheshimiwa. Wenzangu wana injini, mimi sina. Serikali itanilazimishaje kuziba kitu nisichokuwa nacho?"

Waziri akasoma. Akabadilisha miwani, akasoma tena. Alifungua mdomo kueleza tofauti iliyopo kati ya kutokuwa na kitu kwa mkubwa na kutokuwa nacho kwa mdogo, lakini akaona hilo ni jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayeweza kulisema kwenye kipaza sauti.

Wakati huo Mtukufu Mlezi alikuwa amekaa juani kwa saa nne. Feni za jukwaa zilikuwa zimezima, kwani jenereta yake nayo ilikuwa na kibati. Hakuweza kuondoka, maana glasi ilikuwa haijanywewa, na huko uwanjani gari lililofuata lilikuwa bado kwenye mzunguko wa kwanza. Jasho lilikuwa limefika kwenye nishani. Aliinama mbele.

"Mzimbiri, muhuri huo ni wako?"

"Ni wangu, Mtukufu, ila maana yake ya ndani..."

"Basi mbona unaniweka juani? Lete maziwa."

Sikitu alifungua boneti, akakunjua magunia, akamimina. Yalikuwa ya baridi, na povu lake bado limesimama. Mtukufu Mlezi alikunywa glasi yote bila kuishusha. Kisha akaomba ya pili, jambo ambalo halimo kwenye ratiba, na Bendi ya Shaba haikujua ipige nini.

*

Basi Lugome wakapita langoni bila foleni. Dokta Mzimbiri aliteuliwa kuwa balozi katika nchi ambayo bado inatafutwa. Gari jeusi lilibaki pale uwanjani, na kuku wa askari wanataga kwenye viti vya ngozi.

Na tume ikaundwa. Ilizuru nchi nne kujifunza kuhusu punda, na baada ya miezi mitatu wakaguzi wakapanda Lugome wakiwa na utepe wa kupimia na sanduku la sampuli. Sikitu na Ngwali waliwakuta nje ya karakana. Mkaguzi wa kwanza alikuwa amemshika Ridhiki kichwa, wa pili anamtazama puani, na wa tatu anaandika. Kwenye sanduku kulikuwa na vibati vipya, vidogo, vyepesi, vyenye matundu mawili mawili.

Ngwali alicheka mpaka akaegemea gongo.

"Mwakani punda tuwaache wapumzike, shemeji," alisema. "Tulivute wenyewe."

Sikitu hakucheka. Mkaguzi wa tatu alikuwa amemaliza kuandika pua za punda. Alikuwa ameinua utepe, amewakazia macho wao wawili usoni, kama mtu anayekadiria.

Sikitu akaivuta kanga yake, akajifunika pua.